Nyumba Isiyokwisha: Uhakiki wa Maneno "Ukarabati" na "Upambaji" kwa Kuzingatia Makazi ya Kwanza ya Wanandoa wa Magara, Burundi

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna Kiswahili Sanifu kinavyoizungumzia nyumba ya kwanza ya wanandoa katika kamusi, katika uhakiki wa fasihi na katika maandishi ya utawala. Inadai kwamba maneno mawili yanayotawala uwanja huo, ukarabati na upambaji, yote yanachukulia kuwa ipo nyumba iliyokwisha kukamilika: la kwanza huirudishia uzima, la pili huiongezea uzuri. Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi nyumba ya namna hiyo ni nadra. Wanandoa huhamia penye kuta na paa, kisha huishi ndani ya kazi kwa miaka. Makala inaonyesha kwamba lugha inayo tayari maneno ya kazi hiyo, na kwamba kuyaacha kuna mtu anayelipia.

Nyumba ya Magara

Magara imekaa kando ya barabara ya RN3, kati ya Bujumbura na Rumonge, pale ambapo milima huteremka hadi karibu na ziwa na kuacha ukanda mwembamba wa kulima, kujenga na kuanika ndagala. Ni mahali ambapo Kiswahili hakikuletwa na mtaala wa shule peke yake. Kilitangulia kufika kwa biashara ya karne ya 19 iliyokuwa na makao yake Ujiji, kikakaa katika masoko ya samaki na ya mawese. Kilirudi kwa sura nyingine pamoja na familia zilizoikimbia mauaji ya 1972 na kuishi miongo mingi nchini Tanzania, katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, ambako watoto wao walisoma kwa Kiswahili. Kipo pia kile kinachovuka ziwa kutoka Uvira, Baraka na Kalemie kikiwa kimebeba maneno ya Kifaransa. Anayesimama penye ujenzi wa nyumba huweza kuvisikia vyote vitatu kabla tofali la tano halijawekwa.

Utaratibu wa nyumba ya kwanza katika ukanda huu unafahamika. Kijana hutazamiwa kuwa na mahali pa kumpeleka mke kabla ya siku ya harusi, na mara nyingi mahali hapo ni sehemu ya ardhi ya baba yake. Kinachopatikana kufikia siku hiyo ni kuta za rukarakara, yaani matofali mabichi ya udongo yaliyokaushwa kwa jua, paa la mabati, mlango wa mbele unaofungika, na chumba kimoja kinachostahili kuitwa chumba. Sakafu ni udongo ulioshindiliwa. Madirisha mengine yamezibwa kwa mbao, yanasubiri. Baada ya harusi hufuata gutwikurura, sherehe ya kumtoa bibi arusi utawani, ambapo jamaa zake huja kumtazama wakiwa na vyombo na vitu vya nyumbani. Kazi iliyobaki huanzia hapo: saruji sakafuni, lipu ukutani kwa ndani, lipu kwa nje, dari, rangi, mapazia, vitambaa vya kufuma juu ya viti, vikapu vya kutundika.

Hakuna hatua kati ya hizo inayokwenda kwa kalenda ya mkandarasi. Zinakwenda kwa kalenda ya mawese na ya mwezi, kwa kuwa ndagala huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapong'aa mapato hupungua. Mfuko wa saruji unanunuliwa leo, wa pili baada ya wiki nyingi. Ukuta mmoja unapakwa rangi kwa sababu ndio unaoonekana mlango unapofunguliwa. Mingine mitatu inangoja. Hali hiyo si uzembe wala si dhiki tupu. Ni njia ya kujenga bila mkopo, na kwa wasio na mshahara ndiyo njia iliyopo.

Maneno mawili na nyumba yanayoidhania

Mtu akitaka kuieleza kazi hiyo kwa Kiswahili cha maandishi, hasa cha ripoti, mradi au tafsiri rasmi, hupewa maneno mawili. La kwanza ni ukarabati. Kukarabati, kwa maana inayokubalika katika kamusi na katika matumizi, ni kukitengeneza kitu kilichochakaa au kilichoharibika ili kirudi katika hali yake. Neno hilo lina historia ndani ya maana yake: palikuwa na uzima, ukaja uharibifu, sasa uzima unarudishwa. Daraja lililobebwa na mafuriko hukarabatiwa. Shule iliyoezuliwa na upepo hukarabatiwa. Lakini ukuta wa rukarakara ambao haujawahi kupata lipu haukuharibika. Kuuita mradi wa kuupiga lipu "ukarabati" ni kuutangaza kuwa magofu kabla haujawahi kuwa nyumba.

Neno la pili ni upambaji. Hili lina utajiri wa aina yake. Kitenzi kupamba humhusu bibi arusi, humhusu ukumbi, na katika mazishi ya pwani huihusu hata maiti inayotiwa pamba kabla ya kuvikwa sanda. Katika matumizi yote matatu kinachopambwa kipo tayari, na kinachoongezwa huweza kuondolewa pasipo mwenyewe kubadilika. Bibi arusi akivua maua bado ni bibi arusi. Kwa mantiki hiyo, mwanamke anayeleta rangi, mapazia na saruji ya sakafu katika nyumba ya kwanza "anaipamba" nyumba iliyojengwa na mwingine.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Kati ya kujenga, ambako katika mawazo ya sarufi hii kumekwisha siku paa lilipopigiliwa, na kupamba, ambako ni nyongeza, hakuna nafasi iliyotengwa kwa ajili ya kazi ya miaka inayofanya kuta nne ziwe makazi. Ukarabati unaikosa kwa kudai uharibifu ambao haukutokea. Upambaji unaikosa kwa kuishusha hadhi. Chukua sentensi ya mfano kama hii: "Salo tumepiga lipu, rido zitangoja mawese." Ni Kiswahili cha ukanda huu, chenye maneno mawili yaliyotoka katika Kifaransa, na mwalimu wa sarufi angeyapigia mstari mwekundu salo na rido akaandika pembeni sebule na mapazia. Marekebisho hayo hayana ubaya wowote, wala hayagusi kilicho cha maana katika sentensi. Cha maana ni kitenzi tumepiga katika nafsi ya kwanza wingi, na kitenzi zitangoja, kinachoichukulia nyumba kuwa jambo lenye wakati ujao. Sentensi hiyo ina nadharia kamili ya makazi. Ripoti itakayoifasiri kwa "ukarabati na upambaji wa sebule" itakuwa imepoteza watu wawili na muda wote.

Kamusi iliyojengwa kwa mawe

Hali hii ina asili yake. Usanifishaji uliosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki tangu 1930 ulichukua Kiunguja kuwa msingi, na kamusi zilizofuata, kuanzia ile ya Frederick Johnson ya 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya 1981 na Kamusi Kuu ya BAKITA ya 2015, zilirithi nyumba ya pwani pamoja na lugha ya pwani. Nyumba hiyo imeandikwa ndani ya maneno yenyewe. Sakafu imetoka katika neno la Kiarabu linalomaanisha paa. Likageuka kuwa la kukanyagwa kwa sababu, katika nyumba ya ghorofa, paa la aliye chini ndilo sakafu ya aliye juu. Shubaka, tundu la ukutani la kuwekea vyombo, asili yake ni dirisha: dirisha lililopofushwa na unene wa ukuta wa mawe. Baraza ni benchi la nje lililopanda cheo hadi likawa la mawaziri. Maneno haya hayawezi kuzaliwa katika nyumba ya rukarakara. Ukuta wa matofali mabichi hauna unene wa kutoboa shubaka, na ghorofa haipo.

Ingekuwa dhuluma, hata hivyo, kudai kwamba kamusi hizo hazina nyumba nyingine. Zinayo. Kukandika ni kujaza udongo katika fito za ukuta. Kutomea ni kuziba mianya na kusawazisha kwa vijiwe na udongo au chokaa. Kusiriba ni kupaka na kulainisha. Kuna kuezeka na kuezua, kuna kupiga lipu, kupiga niru, kusakafia. Kila kitenzi kati ya hivyo kinataja hatua moja, chombo chake na ujuzi wake. Na ukivipanga kwa mfuatano unapata kitu kinachofanana sana na miaka mitano ya kwanza ya ndoa katika Magara. Msamiati huu umo kamusini. Haumo katika istilahi. Haumo katika orodha za maneno ya makazi zinazotayarishwa kwa ajili ya warsha, na mwanafunzi anayeandika insha ya "Nyumba Yetu" hafundishwi kuutumia, kwa kuwa umehesabiwa kuwa wa kijijini na wa zamani. Wanaistilahi wa Kiswahili wana mazoea ya kulalamika kwamba lugha haina maneno ya kutosha ya ujenzi wa kisasa, na malalamiko hayo ni ya kweli katika uhandisi. Kwa nyumba ya wanandoa hayana msingi. Hapa maneno yalikuwepo, yakapangwa upya kwa daraja, na yaliyo chini ya daraja yakaacha kuonekana.

Ushairi na wahakiki wake

Uhakiki wa fasihi nao una mchango katika jambo hili, ingawa haukukusudia. Katika masomo ya Kiswahili, mjadala wa nyumba iliyopambwa huanzia mara nyingi katika Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utenzi wa mwanzo wa karne ya 19 unaozitazama nyumba za matajiri wa Pate baada ya kuanguka kwao. Vidaka vilivyobeba vyombo vya kaure vimekuwa malalo ya makinda ya ndege. Mhakiki wa kawaida huusoma mfano huo kama onyo juu ya ubatili wa dunia, na usomaji huo ni sahihi. Lakini ona jinsi wakati unavyokwenda: nyumba inaanza ikiwa kamili, imejaa, imewashwa taa, halafu inaporomoka. Huo ndio wakati uleule uliomo ndani ya neno ukarabati. Utamaduni wetu wa kifasihi umetupatia picha yenye nguvu ya nyumba inayoharibika, na haujatupatia iliyo sawa nayo ya nyumba inayokuja kidogo kidogo.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa karibu na mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima, huiangalia nyumba kutoka ndani. Usafi wa nyumba na unadhifu wa mwenye nyumba vimeunganishwa na heshima ya mume na radhi zake. Wahakiki wa miongo ya karibuni wamebishana sana iwapo mtunzi anamtiisha binti au anampa silaha. Lisiloulizwa sana ni nyumba ya nani inayofagiliwa. Miongoni mwa watu wa daraja ya juu wa Lamu na Pate, ada ilikuwa mume kuhamia kwa mke. Baba humjengea binti yake, wakati mwingine kwa kuongeza ghorofa juu ya nyumba yake au kwa kuunganisha nyumba mbili kwa wikio lililopita juu ya njia. Binti wa namna hiyo anapoipamba nyumba, anapamba ukuta wake.

Linda Donley, katika makala yake ya 1982 kuhusu nyumba za Lamu na uwezo uliomo ndani yake, aliwafundisha watafiti kuusoma ukuta wa plasta iliyonakshiwa kama maandishi. Alionyesha kuwa chumba cha ndani kabisa, chenye safu za vidaka, kilikuwa mahali pa bibi arusi, pa kuzalia na pa kuoshea maiti, na kwamba mapambo yalikuwa kinga kabla ya kuwa urembo. Ni kazi kubwa, na uhakiki mwingi wa Kiswahili uliofuata umeishi kwa kuinukuu. Ugumu uko katika jinsi ilivyosafirishwa. Hoja iliyojengwa juu ya nyumba ya mawe ya mji mmoja, ya tabaka moja, ambamo mke alikuwa na ukuta, imefanywa kuwa hoja ya "nyumba ya Mswahili" popote alipo. Msomi anayefika Rumonge na kitabu hicho mkononi ataziona rangi, vitambaa na vikapu, ataandika kuhusu ishara na jinsia, na huenda asiulize swali ambalo Lamu halikuwa na haja ya kuulizwa: ukuta huu ni wa nani?

Ukuta wa nani

Katika Burundi ardhi hurithiwa kwa upande wa wana wa kiume, na urithi wenyewe umeachwa mikononi mwa mila, kwa kuwa nchi haijapata sheria iliyoandikwa ya mirathi inayompa binti fungu lililo sawa. Mke anayeingia katika nyumba ya kwanza anaingia, kwa kawaida, katika kiwanja cha ukoo wa mumewe. Wanawake wengi wa mwambao ni wachuuzi: wananunua ndagala pwani, wanakausha, wanauza, wanakamua na kuuza mawese. Fedha yao huingia katika nyumba kupitia hatua zilezile ambazo Kiswahili cha maandishi kinaziita mapambo. Mume aliweka kuta na paa kabla ya harusi. Saruji, lipu, rangi na madirisha vilikuja baadaye, vikaja kwa wawili, na mara nyingi zaidi kwa mmoja wao.

Sasa ndoa ikivunjika, au mume akifa na jamaa zake wakakaa kikao, thamani ya nyumba itatajwa kwa maneno. Aliyejenga ni nani? Kwa sarufi tuliyonayo jibu liko tayari. Mume alijenga, mke alipamba. Kilichojengwa hubaki penye ardhi, kilichopambwa huweza kukunjwa na kubebwa: mapazia, vitambaa, vikapu. Saruji haikunjwi. Mifuko yote iliyoingia sakafuni inabaki chini ya miguu ya wengine, na lugha haikuacha kumbukumbu ya aliyeileta.

Hapa Kirundi kina jambo la kuifunza lugha jirani yake. Kitenzi kwubaka, kujenga, ndicho pia cha kuanzisha kaya. Na mtu aliye katika ndoa, mwanamume kwa mwanamke, husemwa kuwa arubatse, amejenga. Neno urugo ni ua wa nyumba na ni watu waliomo. Msemaji anapohama kutoka Kirundi kuingia Kiswahili analazimika kulipasua tendo hilo: mwanamume ataoa, mwanamke ataolewa, na kujenga kutaachiwa matofali. Hakuna anayedai kwamba Warundi wamewatendea wake zao kwa haki kwa sababu ya kitenzi kimoja; sheria ya ardhi iliyotajwa hapo juu inatosha kuonyesha kinyume. Hata hivyo mwanamke wa Magara anaposema kwa Kirundi kwamba amejenga, anatumia neno ambalo mila yenyewe inamkubalia. Akilisema hilohilo kwa Kiswahili, mbele ya mtu aliyesoma, huenda akasahihishwa.

Kiswahili nacho kina hazina ya namna hiyo, ila kimeisahau. Mlango katika lahaja za pwani ni wa kupitia na ni ukoo: mtu huulizwa ni wa mlango gani. Umuryango wa Kirundi una maana hizohizo mbili. Lugha mbili zilizo mbali kwa bahari na kwa milima zimekubaliana kwamba pa kuingilia nyumbani na watu wa nyumbani ni kitu kimoja. Upatano huo ungefaa kuwa mwanzo wa istilahi ya makazi ya Afrika Mashariki kuliko orodha yoyote ya vifaa vya ujenzi. Watunga istilahi huanza na vifaa kwa sababu vifaa havibishani.

Boma

Kuna neno moja linaloonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Katika Kiswahili cha utawala cha Tanzania, jengo lililosimamishwa kuta bila kukamilika huitwa boma. Ni neno lililosafiri: lilikuwa ua wa kujikinga, likawa ngome, likawa ofisi ya mkoloni, sasa ni kuta zinazongoja paa. Wananchi huanzisha darasa au zahanati kwa nguvu zao hadi usawa fulani, na halmashauri hutenga fedha za "kukamilisha maboma" au za "umaliziaji". Maneno hayo yamo katika hotuba za bajeti na katika ripoti za wilaya. Yamelifanya jengo lisilokwisha liwe jambo la kuhesabika: lina jina, lina hatua, lina fungu.

Neno hilo halijavuka kuingia katika nyumba ya mtu binafsi. Boma la darasa ni mradi. Boma la wanandoa ni umaskini. Aidha, boma halikaliwi, na nyumba ya Magara inakaliwa tangu usiku wa harusi. Pamoja na upungufu huo, umaliziaji ndiyo istilahi iliyo karibu zaidi na ukweli wa mwambao. Haidai kwamba kitu kiliharibika. Haisemi kwamba kilichobaki ni urembo. Inamweka anayetia saruji katika mstari mmoja na aliyepandisha ukuta: wote wawili wako ndani ya ujenzi, mmoja mwanzoni, mwingine mwishoni. Watoto wa waliorejea kutoka Tanzania wanalielewa bila kufundishwa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Zanzibar mwaka 2015, ikiwa itatayarisha istilahi za makazi kwa nchi wanachama, haina haja ya kubuni neno hapa. Ina haja ya kulitoa neno katika majengo ya umma na kulipeleka nyumbani.

Pingamizi linaloweza kutolewa ni kwamba kubadili neno hakuongezi mfuko hata mmoja wa saruji. Ni kweli, wala makala hii haidai hivyo. Inachodai ni finyu zaidi: kwamba karatasi zinazopima nyumba huzipima kwa maneno, na kwamba dodoso linalouliza kama nyumba "imekamilika" au "inahitaji ukarabati" halina kisanduku cha nyumba nyingi za ukanda huu. Anayejaza hulazimika kusema uongo kwa upande mmoja au mwingine.

Kiwanja chenye madai mawili, ziwa linalopanda

Mambo mawili ya mwambao yanaifanya hoja hii isiwe ya kamusi tu. La kwanza ni ardhi. Baada ya 1972 viwanja vingi vya Rumonge na Nyanza-Lac vilikaliwa na watu wengine. Wenyewe waliporudi, au watoto wao, ilibidi iundwe mwaka 2006 Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine ili kusikiliza madai. Panapokuwa na madai mawili juu ya kiwanja kimoja, lipu huwa kauli. Anayepiga lipu anasema yupo na hatoki. Anayeacha ukuta mtupu huenda hana fedha, na huenda pia hana hakika. Afisa wa makazi anayeona safu ya nyumba zisizopakwa rangi na kuandika kwamba wakazi "wanahitaji kuhamasishwa kuhusu upambaji na usafi wa makazi" amesoma ukuta vibaya. Donley angemsahihisha kwa jambo hilo: ukuta ni maandishi, hata ukiwa mtupu.

La pili ni maji. Ziwa Tanganyika limekuwa likipanda katika miaka ya karibuni hadi kuzifikia nyumba, masoko na barabara za Rumonge, na mwaka 2024 lilikuwa miongoni mwa viwango vyake vya juu kabisa tangu lilipoanza kupimwa kwa utaratibu. Sheria ya maji ya Burundi ya 2012 ilikuwa imekwisha kuweka ukanda wa mita 150 kutoka ufukweni kuwa wa hifadhi. Katika Magara, ambako milima imeubana ukanda wa kujenga, mita 150 ni sehemu kubwa ya mahali panapokalika. Sheria hiyo, kama sheria nyingine za nchi, haisomwi na wakazi kwa Kiswahili. Inawafikia kwa midomo: ya kiongozi wa kijiji, ya redio, ya jirani. Kila mdomo unachagua kitenzi chake, na kitenzi ndicho kinachobeba katazo.

Wawazwe, basi, mke na mume waliohamia miaka mitatu iliyopita katika nyumba ya rukarakara iliyo mita 120 kutoka majini. Kuta zilisimama kabla ya harusi. Mwezi wa giza umekuwa mzuri, mke ameuza ndagala, na mifuko miwili ya saruji imeegemezwa ukutani kwa ajili ya chumba cha ndani. Fundi anakuja Jumatatu. Wakimwuliza kiongozi wa mtaa kama inaruhusiwa, atahitaji kwanza kuamua wanafanya nini. Ikiwa wanajenga, wako ndani ya mita 150. Ikiwa wanakarabati, ataulizia uharibifu ulitokea lini, na kama ulitokana na mafuriko huenda akaliandika jina la mume katika orodha. Ikiwa wanapamba, atacheka na kuwaambia waendelee, na hataandika chochote.